Kabla ya Kuruka Kuna Kutembea

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule hii rubani hufanya kazi gani, naye atakujibu pasi na kusita: "Hurusha ndege!" Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ndege kabla haijaruka ni sharti itembee. Hutoka pale ilipoegeshwa, ikapita vichochoro vya uwanja, ikapiga kona, ikangoja zamu yake, hata ikafika mahali pa kupaa. Ikishatua ni yale yale, itembee tena hadi abiria washuke. Na ni katika kutembea huku, wakati abiria wengi wangali wanahangaika na mishipi ya viti au wanatafuta nyumba zao dirishani, ndipo ilipotokea ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa ndege. Ndege hizo mbili zilikuwa zingali uwanjani. Nitaisimulia ajali hiyo hapo mbele. Kwanza tuingie katika chumba cha rubani tuone kazi yenyewe inavyofanywa.

Tuanze na ndege ndogo, mathalani zile Cessna za viti vinne ambazo wanafunzi wa urubani hujifunzia pale Wilson, Nairobi. Mbele ya rubani kuna kitu kinachofanana mno na usukani wa gari. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hukishika kwa mikono miwili, akitaka kwenda kushoto hukizungusha kushoto, na ndege huendelea mbele moja kwa moja kuelekea nyasini kana kwamba haikusikia! Kwani usukani ule si wa magurudumu. Kazi yake ni kuyaongoza mabawa na mkia hewani. Ardhini ndege huendeshwa kwa miguu. Chini kuna pedali mbili. Ukikanyaga ya kushoto, gurudumu la mbele hugeuka kushoto, ukikanyaga ya kulia, hugeuka kulia. Ncha za juu za pedali hizo hizo ndizo breki, na kila upande una breki yake. Kwa hiyo rubani akitaka kupiga kona kali sana hubana breki ya upande mmoja tu, ndege ikazunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba kigingini. Katika ndege kubwa za abiria pedali hutosha kwa marekebisho madogo tu. Kona zenyewe hupigwa kwa kigurudumu kidogo kilichowekwa kando ya kiti cha rubani, ambacho hushikwa kwa mkono mmoja.

Breki hujaribiwa mara tu ndege inaposogea, mita chache tu kutoka maegeshoni. Sababu ni dhahiri. Afadhali ujue hazishiki ukiwa mwendo wa kinyonga kuliko kujua umekaribia mkia wa ndege ya mwenzako.

Na mwendo je? Karibu na maegesho, mwalimu atakwambia usizidi mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Ndege kubwa ikiwa kwenye njia iliyonyooka huweza kwenda kilomita 35 au 40 kwa saa, lakini ikifika kona kali hupunguza hadi kama 18 hivi. Msomaji aliyezoea matatu zetu huenda akacheka. Lakini hebu fikiria. Ndege ndogo husimama juu ya magurudumu matatu yaliyokaribiana, na uzito wake uko juu, kama matatu iliyopakiwa magunia ya viazi kwenye keria. Ikipiga kona kwa kasi hutaka kulala ubavu, na bawa likigusa ardhi hapana mchezo tena. Tena ndege, tofauti na gari, haisukumwi na magurudumu. Husukumwa na pangaboi lake au na moshi wa injini za jeti. Injini hata ikiwa imeteremshwa moto kabisa huendelea kuisukuma, na ndege ikishaanza kutembea haitaki kusimama. Basi rubani mvivu huacha nguvu za injini juu, kisha akazizuia kwa breki njia nzima. Breki hupata joto, na breki iliyopata joto ni breki iliyochoka. Rubani mwangalifu hupunguza nguvu za injini kwanza, kisha ndipo akanyage.

Jambo jingine ambalo dereva wa gari halijui ni urefu wa mabawa. Mabawa ya ile Cessna ndogo, toka ncha hadi ncha, ni mita 11. Ya Boeing 787 ambazo Kenya Airways huzitumia kwa safari za mbali ni kama mita 60. Yaani ukiisimamisha katikati ya uwanja wetu wa kandanda kwa upana, huenda bawa moja likawagonga mashabiki! Katika ndege nyingi kubwa rubani akiwa kitini mwake haioni ncha ya bawa lake hata akichungulia vipi. Tarehe 11 Aprili 2011, usiku, ndege aina ya Airbus A380, ambayo mabawa yake yanakaribia mita 80, ilikuwa ikitembea katika uwanja wa John F. Kennedy kule New York. Ncha ya bawa lake ikaugusa mkia wa ndege ndogo ya abiria iliyokuwa imesimama, na ndege ile ikazungushwa kama pia. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

Ndiyo maana kukachorwa mstari wa manjano katikati ya kila njia ndani ya uwanja. Ukiufuata mstari huo sawasawa, katika njia iliyojengwa kwa ukubwa wa ndege yako, mabawa yatapita salama. Ukiuacha, hata kwa hatua chache, hesabu zote zimeharibika. Na palipo na msongamano, mfanyakazi wa chini husimama kila upande kuangalia ncha za mabawa. Rubani akiwa na shaka husimama. Kusimama hakuna aibu; ndege iliyosimama haijapata kugonga kitu.

Sasa upepo. Wengi hudhani upepo ni shida ya hewani. La hasha! Ndege hata ikiwa ardhini bado ni kitu kilichoumbwa kuinuliwa na upepo, na ile Cessna hata ikijaa watu na mafuta uzito wake ni tani moja na kidogo tu. Upepo mkali ukiingia chini ya bawa moja huweza kuibinua. Hapa ndipo ule usukani tuliosema hauna kazi ardhini unapopata kazi. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa mna kibawa kidogo ambacho hupanda na kushuka usukani unapozungushwa. Upepo ukitoka mbele upande wa kushoto, rubani huuzungusha usukani kushoto. Kibawa cha kushoto hupanda, na upepo wenyewe huligandamiza bawa hilo chini. Upepo ukitoka nyuma upande wa kushoto, mambo hugeuka. Rubani huuzungusha usukani kulia na kuusukuma mbele, ili kibawa cha kushoto kishuke pamoja na kile cha mkiani, upepo ukipiga mgongoni mwake ukandamize badala ya kuinua. Kwa ufupi, upepo ukikukabili uelekee, ukikujia kwa nyuma ukimbie. Na kila unapopiga kona, upepo umebadilika upande, kwa hiyo mikono nayo ibadilike. Mwanafunzi anayejua hili huonekana toka mbali. Usukani wake hautulii mahali pamoja, humfuata upepo kama alizeti na jua. Akitaka kujua upepo unatoka wapi huangalia ule mfuko wa kitambaa uliotundikwa mlingotini kando ya uwanja.

Kuna upepo mwingine usioonyeshwa na mfuko huo, nao ni ule unaotoka katika injini za jeti. Nyuma ya jeti kubwa inayoongeza nguvu, upepo huo wa moto huweza kuipindua ndege ndogo kama karatasi. Ndege ndogo basi hukaa mbali, na rubani wa ile kubwa naye ana wajibu wa kufikiria ni nani aliye nyuma yake kabla hajakamata mkono wa nguvu.

Pangaboi nalo lina hatari yake. Likizunguka kwa kasi halionekani kabisa, huona hewa tu. Watu wamewahi kuliendea hivi hivi wakidhani hapana kitu. Kabla ya kuwasha injini rubani hupaza sauti dirishani kuonya walio karibu, kisha akatazama kushoto na kulia kabla ya kuwasha. Katika viwanja vyetu vya murramu, kama vile vya Maasai Mara, pangaboi hunyonya mawe madogo kutoka chini na kujipiga nayo, likatoka mapengo kama meno ya mzee. Kwa hiyo pale rubani haongezi nguvu nyingi akiwa amesimama. Huacha ndege ianze kusogea kwanza, ndipo aongeze polepole. Na mvua ikinyesha kule, udongo mweusi ulaini wake mnaujua. Gurudumu la mbele likizama humo, pangaboi huchimba ardhi. Sijawataja pundamilia na nyumbu, ambao hawajui kusoma alama wala hawaombi ruhusa kuvuka.

Kutembeza ndege vilevile ndio wakati wa kukagua. Rubani akiwa njiani huhakikisha breki zashika, dira yazunguka anapopiga kona, saa za mbele yake zasema kweli, na vibawa vya kumsaidia kupaa vimetolewa kama inavyotakiwa. Wakenya tuna sababu ya kulikumbuka hili la vibawa. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 ilianza kupaa kutoka Embakasi, uwanja ambao leo ni Jomo Kenyatta, ikielekea Johannesburg. Ndani mlikuwa na watu 157. Vibawa vya ukingo wa mbele wa mabawa, ambavyo husukumwa na hewa ya injini, havikuwa vimetoka, kwa kuwa vali za hewa hiyo hazikuwa zimefunguliwa. Ndege ilijiinua kidogo tu, ikatetemeka, ikashindwa, ikaanguka mbele kidogo ya mwisho wa njia. Watu 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza kabisa ya Boeing 747 kuua watu, na ilitokea hapa kwetu.

Lakini hapa pana mgongano, na ni vizuri tuuseme. Mtu anayekagua saa na swichi ana macho ndani, na mtu anayetembeza ndege anatakiwa awe na macho nje. Mtu mmoja hawezi kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Katika ndege za marubani wawili, mmoja hutembeza huku mwingine akisoma orodha. Aliye peke yake, kwa maoni yangu, hana njia bora kuliko kusimama kando, afunge breki, akague, kisha aendelee. Haraka haraka haina baraka, na foleni iliyo nyuma yake itangoja.

Haya basi, tuseme ndege inatembea vizuri, upepo umeshughulikiwa, breki zashika. Swali linalobaki ndilo kubwa kuliko yote: rubani yuko wapi? Uwanja mkubwa ni kama mji. Pana njia za pembeni, ambazo ndege hutembelea, nazo huitwa kwa herufi. Kisha pana njia ya kurukia, pana na iliyonyooka, ambayo huitwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo hazikutungwa ovyo. Ni nyuzi za dira zilizokatwa tarakimu ya mwisho. Njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta, yenye urefu wa kilomita 4 na ushei, ikitumiwa kuelekea nyuzi kama 60 huitwa 06. Ikitumiwa kutoka upande wa pili huelekea nyuzi 240, nayo huitwa 24. Njia ni ile ile moja ila ina majina mawili. Wilson zipo mbili: moja ni 07 na 25, nyingine 14 na 32. Sasa rubani akishajipanga katikati ya njia hutazama dira yake. Akiambiwa 14 na dira yasema 70, ajue amepotea, na asiguse mkono wa nguvu.

Huko Lexington, Marekani, tarehe 27 Agosti 2006, kabla ya mapambazuko, ndege ya abiria iliambiwa ipae kwa njia 22. Ikaingia njia 26, ambayo ni fupi mno kwa ndege ya aina ile, na ikaishiwa na njia kabla ya kupaa. Walikufa watu 49. Nyuzi 40 za dira zilikuwa mbele ya macho yao zikisema.

Vibao navyo vina lugha yake. Kibao cheusi chenye herufi za manjano hukwambia ulipo. Kibao cha manjano chenye herufi nyeusi hukwambia njia zilizo mbele zaelekea wapi. Kibao chekundu chenye maandishi meupe hukwambia mbele yako ni njia ya kurukia. Usiku taa za buluu huonyesha kingo za njia za pembeni, na pengine taa za kijani hupita katikati. Na pale njia ya pembeni inapokutana na njia ya kurukia, chini pamechorwa mistari minne ya manjano kukata njia: miwili mizima na miwili ya vipande vipande. Ukiikuta ile mizima kwanza, huo kwako ni mto wenye mamba. Huvuki mpaka mnara ukuruhusu. Ukiikuta ile ya vipande kwanza, wewe unatoka kwenye njia ya kurukia, na unatakiwa uvuke upesi, ndege nzima hadi mkia, ndipo usimame.

Ruhusa hutolewa kwa redio, na hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili, kwa kuwa ni jambo la lugha. Mwongozaji aliye mnarani husema, tuseme, "Pita njia A, simama kabla ya njia 14." Rubani hairuhusiwi kujibu "sawa" peke yake. Hurudia maneno yenyewe: njia gani, asimame kabla ya wapi, na jina la ndege yake. Mwongozaji naye husikiliza marudio hayo ahakikishe ndiyo aliyoyasema. Rubani mwerevu hana haya ya kuyaandika maagizo kwenye karatasi iliyofungwa pajani, kisha akayafuata kwa kidole kwenye ramani ya uwanja.

Lugha ya redio ya kimataifa ni Kiingereza, lakini si Kiingereza cha darasani. Ni Kiingereza kilichochongwa ili kisisikike vibaya. Tisa hutamkwa "naina", kwa sababu tisa na tano za kawaida zikipita katika redio yenye kelele hufanana. Tano ni "faifu". Na tatu, jamani, ni "tri"! Wale ambao huchekwa madarasani kwa kutamka hivyo wajue kwamba kwa redio ya ndege wao ndio wako sawa. Tena rubani wa safari za kimataifa hupimwa lugha hiyo kwa daraja kuanzia 1 hadi 6, na asiyefikia ya 4 hapewi ruhusa ya kuruka safari hizo.

Ukaidi wote huu watoka wapi? Mwingi wake watoka Tenerife.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Machi 1977. Tenerife ni kisiwa cha Uhispania kilichoko baharini upande wa magharibi wa Afrika Kaskazini. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege zilizokuwa zikienda huko zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife. Miongoni mwazo zilikuwa Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Uwanja ukajaa, ndege zikaegeshwa hata juu ya njia ya pembeni. Kwa hiyo kila aliyetaka kuondoka alilazimika kutembea juu ya njia ya kurukia yenyewe, afike mwisho, ageuke, apae kurudi alikotoka.

Ya KLM ikatangulia, ikafika mwisho, ikageuka. Ya Pan Am ikafuata nyuma juu ya njia ile ile, ikiwa imeambiwa itoke kwa mchepuko wa tatu. Kisha ukungu ukashuka. Mnara haukuziona ndege. Ndege hazikuonana. Rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini haikuwapo. Wale wa Pan Am walikuwa wakiihesabu michepuko katika ukungu. Huo wa tatu ulitaka ndege ipige kona kali mno ya kurudi nyuma, nao wakaupita, wakielekea wa nne.

Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtoto wa jana. Alikuwa mwalimu mkuu wa marubani wa 747 katika shirika lake. Mnara ukawasomea njia watakayofuata wakishapaa. Hiyo ni ruhusa ya njia ya angani, si ruhusa ya kupaa. Msaidizi wake akairudia, na mwishoni akaongeza maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ningeyatia hivi: "Sasa tuko kwenye kupaa." Yatazame maneno hayo, msomaji. Tuko mahali pa kupaa, tunangoja? Au tumo katika tendo la kupaa, tunakwenda? Mnarani walielewa la kwanza. Chumbani mwa KLM lilikuwa la pili, kwa maana nahodha alikuwa amekwisha kuachia breki.

Mnara ukajibu kwa neno moja la kukubali, kisha baada ya kitambo kidogo ukaongeza kwamba wangoje. Sekunde hiyo hiyo Pan Am nao wakasema redioni kwamba bado wako juu ya njia. Sauti mbili kwa redio moja kwa wakati mmoja hazisikiki. Hutoka mlio tu. Wale wa KLM walisikia lile neno la kukubali, kisha mlio. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma ya nahodha akauliza kama kweli wale Wamarekani wameshatoka njiani. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba wametoka. Fundi akanyamaza.

Pan Am walipoziona taa zikiwajia katika ukungu walijaribu kuikimbizia ndege nyasini. Nahodha wa KLM naye alijaribu kuinyanyua yake, mkia ukaburura chini. Haikutosha. Wote 248 wa KLM walikufa, na 335 wa Pan Am, jumla watu 583. Waliookoka walikuwa 61, wote wa Pan Am.

Tangu hapo neno lile la Kiingereza la kupaa limewekewa ua. Rubani na mwongozaji hawalitumii ila wakati ruhusa yenyewe ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Kwa mengine yote husema "kuondoka". Na tangu hapo mashirika yakaanza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Kwetu, tuliolelewa kunyamaza mzee anaposema, somo hilo ni gumu kuliko breki na upepo vikiwekwa pamoja. Lakini jifikirie ukiwa nyuma ya yule nahodha. Ungeuliza mara ya pili?

Mambo hayakuisha hapo. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika uwanja wa Linate mjini Milan, Italia, katika ukungu vilevile, ndege ndogo ya Cessna iliambiwa ipite njia R5 ikapita R6. Rubani alitaja kwa redio alama iliyochorwa chini, mwongozaji hakuijua alama hiyo ilikuwa wapi, wala hakumsimamisha. Rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Cessna ikaingia njia ya kurukia mbele ya ndege ya abiria ya SAS iliyokuwa katika kasi ya kupaa. Walikufa 118, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi wa mizigo. Na juzi juzi, tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliyobeba misaada ya waathiriwa wa tetemeko la ardhi iliambiwa isogee hadi mahali pa kungojea, na kwamba ndiyo ya kwanza katika foleni. Nahodha wake akaamini amepewa njia. Akaingia, akasimama kama sekunde 40, na Airbus ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu watano kati ya sita wa ndege ile ndogo walikufa. Wote 379 waliokuwa katika Airbus walitoka wakiwa hai kabla haijateketea.

Basi rubani aliyefika kwenye ile mistari minne husimama, hata akiwa amechelewa. Kwa ndege ndogo hapo ndipo injini inapoongezwa nguvu na kupimwa, breki zikiwa zimebanwa. Chumbani hapasemwi mambo ya nyumbani. Huko Marekani sheria ya mwaka 1981 ilikataza mazungumzo yasiyohusu kazi kuanzia ndege inapotembea. Akipewa ruhusa, huirudia. Kisha kabla gurudumu la mbele halijaugusa mstari hutazama angani upande wa kushoto, halafu wa kulia, aone kama kuna anayekuja kutua, maana mnara nao una wanadamu. Huwasha taa zake zote. Huingia, hujipanga juu ya mstari wa katikati, husoma tarakimu kubwa zilizoandikwa chini, hutazama dira. Zikipatana, hapo tena ni kazi ya kuruka.

Na siku ikiisha, akishatua, haanzi kugusagusa swichi angali juu ya njia ya kurukia. Hutoka kwanza, avuke mistari, asimame, ndipo arudishe vibawa na kuwauliza wa mnarani apitie wapi. Abiria wake watataka kushuka haraka, hasa wale wa ndege ndogo ambao mlango uko karibu na pangaboi. Mlango haufunguliwi mpaka pangaboi lisimame kabisa, wahesabu ncha zake moja moja.